Neno 'Nice' Limekosa Nini?

Chukua rundo la madaftari ya Kiingereza ya kidato cha pili, ya Mwanza au ya Mombasa, na kuna neno moja utakalolikuta limezungushiwa wino mwekundu mara kwa mara. Si tusi, wala halijakosewa tahajia. Ni "nice". Pembeni mwalimu ameandika: tafuta neno jingine. Na ukutani kuna karatasi ya manila yenye hayo maneno mengine, yameandikwa kwa kalamu za rangi: pleasant, lovely, delightful, enjoyable, agreeable, exquisite, splendid.

Mtoto ni mtiifu. Anaiangalia karatasi, anachagua neno refu kwa kuwa ameshang'amua kwamba urefu una alama zake, halafu anaandika kwamba mjomba wake ni mtu "enjoyable", kwamba siku ya Idi walikula chapati "agreeable", na kwamba mvua ilipokatika walicheza mpira "exquisite". Mwalimu anatia vema na kusonga mbele. Mimi naona kosa limefanyika hapo, na aliyelifanya si mtoto.

"Nice" linaonewa. Ni neno linalosema kidogo kwa makusudi, na binadamu wanaoishi pamoja wanahitaji maneno ya namna hiyo. Pale linapopwaya kweli, na hakika papo mahali linapopwaya, dawa yake haipatikani kwenye orodha ya vivumishi vinono zaidi.

Tuanze na ukoo wake, maana ni ukoo wa vituko. Kwa Kilatini "nescius" ni asiyejua, mjinga. Wafaransa wa kale wakalikata hadi likawa "nice", na lilipoingia Kiingereza karibu na mwaka 1300 lilikuwa bado na maana ileile ya mpumbavu. Ukimwita mtu hivyo zama hizo, jiandae kwa ugomvi. Baadaye likaanza kutangatanga. Mpumbavu akawa mtu wa anasa asiyejizuia. Kwingine akawa mwenye haya kupita kiasi. Kwingine akawa mtu wa kuchaguachagua, anayeona kinyaa haraka. Kutoka kwa mtu anayechaguachagua, maana ikahamia kwenye jambo lenyewe linalohitaji jicho kali ili kuchaguliwa, yaani jambo jembamba, la kupimwa kwa uangalifu. Maana hii haijafa. Wanasheria wa Kiingereza hadi leo huita "nice" ile hoja ya sheria ambayo tofauti yake ni nyembamba kama unywele, na mteja anayesikia wakili wake akisema hivyo asidhani mambo yamemnyookea. Shakespeare naye, katika Romeo and Juliet, analitumia kwa jambo dogo lisilo na uzito. Ni katika karne ya 18 tu ndipo lilipotulia kwenye kupendeza, na tangu hapo limekaa hapo kama mpangaji asiyehama.

Jirani yake "silly" alipita barabara hiyohiyo akielekea upande wa pili. Alianza akiwa mwenye heri, mbarikiwa. Wajerumani bado wanalo "selig" lenye maana hiyo. Akashuka akawa wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, mwisho akawa mjinga. Yamkini wawili hao walipishana njiani wakasalimiana.

Anayeona haya ni maajabu ya Wazungu asikilize redio siku ya mechi ya Simba na Yanga. Mshambuliaji anayewatesa mabeki ni "balaa". Winga mwenye mbio ni "hatari". Bao lililofungwa kutoka mbali ni "kali", na hakuna msikilizaji anayeuliza kama limenolewa. Hata "poa", lililokuwa likisemwa kwa uji uliopungua moto, sasa ni jibu la salamu kuanzia Temeke hadi Eastleigh, na mtu anaweza kulitamka huku jasho linamtiririka. Maneno ya sifa huhama. Yakitumiwa sana hupungua ukali, kisha vijana huenda kuazima ukali mwingine kwenye maneno ya hofu na maafa. Waingereza nao wana "terrific", lililotoka kwenye kutisha, na "awesome", lililokuwa la kicho mbele ya Mungu na sasa linatosha kwa kipande cha piza.

Kwa hiyo analalamika nani? Walalamikaji wa "nice" wana historia ndefu, na kiongozi wao ni mhusika wa hadithi. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817 miezi michache baada ya mwandishi kufariki, msichana wa miaka 17 anayeitwa Catherine Morland yuko matembezini karibu na mji wa Bath pamoja na Henry Tilney na Eleanor, dada yake Henry. Catherine anaisifu riwaya ya kutisha aliyoisoma kwa kuiita "nice". Henry anamrukia. Kwa kejeli nzuri sana anaonyesha kwamba kwa mwendo huo siku ni "nice", matembezi ni "nice", na wasichana wawili alio nao ni "nice", neno limekuwa la kila kitu. Anadai kwamba hapo kale lilihusu unadhifu na uteuzi tu.

Walimu wanaipenda sehemu hii. Wanachokiruka ni mambo mawili. Kwanza, Henry hajui anachokisema: hiyo "kale" yake ilikuwa ya juzi tu, na angerudi nyuma kweli angeukuta upumbavu. Kila anayetaka kulirudisha neno kwenye maana yake halisi husimama kwenye kituo anachokipenda yeye, akaamua kwamba hapo ndipo safari ilipoanzia. Pili, Eleanor hamwachi kaka yake aondoke na ushindi. Anamwambia Catherine kwamba hivyo ndivyo anavyotendewa yeye nyumbani kila mara, na kwamba wasipokuwa waangalifu watafukiwa kwa kamusi ya Samuel Johnson. Austen anajua kwamba anayemsahihisha mwenzake neno matembezini ana jambo lake jingine. Katika hili Henry anamchokoza msichana anayempenda. Catherine alikuwa amesema anachokihisi, na wenzake wawili walikuwa wamemwelewa.

Mtuhumiwa wa pili katika kesi hii ni kitabu, nacho hakina hatia kubwa. Peter Mark Roget alikuwa daktari, mzaliwa wa London wa mwaka 1779, na kwa miaka mingi katibu wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1805 alianza kujitengenezea orodha ya maneno kwa matumizi yake mwenyewe. Akaiweka, akaendelea na udaktari na mihadhara, na alipostaafu akaifufua. Thesaurus yake ilichapishwa mwaka 1852, yeye akiwa na miaka 73, na haijawahi kukosekana madukani tangu hapo.

Anayeikamata leo hutarajia kamusi ya maneno yanayolingana. Roget hakuandika hivyo. Aliyapanga maneno chini ya vichwa elfu moja vya fikra, akavigawa vichwa hivyo katika matabaka sita: mahusiano ya vitu, nafasi, maada, akili, utashi na hisia. Mkono wa daktari aliyezoea kuainisha viumbe unaonekana kila ukurasa. Mara nyingi wazo na kinyume chake vimewekwa ubavu kwa ubavu. Na hakuna maana ya neno hata moja. Kwa nini aeleze maana? Msomaji aliyemlenga ni mtu aliyekulia katika Kiingereza, anayelijua neno analolitafuta ila limemponyoka. Kitabu kinamkumbusha. Mpe kitabu hichohicho kijana wa Sumbawanga anayejifunza Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya Kifipa na Kiswahili, na umemwingiza kwenye harusi ambayo hamjui bwana wala bibi. Anaona nyuso tu. Atamshika mkono yeyote.

Maana visawe havilingani. Hili kwa Kiswahili chetu tunalijua bila kufundishwa. Said Ahmed Mohamed na Mohamed A. Mohamed walitutungia Kamusi ya Visawe, na ni kazi ya heshima, lakini hakuna mzawa anayeitumia kwa kubadilisha neno kwa neno akiwa amefumba macho. "-zuri" na "-ema" ni ndugu. Hata hivyo unamtakia mtu safari njema anapopanda basi, na akirudi anakwambia safari ilikuwa nzuri. Ukigeuza, utaeleweka, ila abiria atakutazama mara ya pili. Ukisema mwanamke fulani ni mwema umesifu moyo wake. Ukisema ni mzuri, kwa mzee wa Pangani umesifu sura, na mkewe akiwepo hapo itabidi ufafanue. "-tamu" linakubali asali, wimbo, usingizi na maneno ya mwongo. Na maji yasiyo ya chumvi huitwa matamu ingawa hayana sukari hata chembe. Tungemwonaje mwalimu wa Kiswahili anayemwambia Mmarekani afute kila "nzuri" na kuweka "tamu" ili kunogesha insha?

Na insha zetu wenyewe hazijapona. Kenya, kwa miongo mingi, watahiniwa wa darasa la nane walifika chumba cha mtihani na vifungu vilivyokaririwa: wahenga hawakukosea waliponena, jua la asubuhi likapenyeza miale yake, mate yakanidondoka kwa mapochopocho. Mtihani wenyewe, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Vifungu vimehamia kwingine salama salimini. Ni ugonjwa mmoja na ule wa karatasi ya manila. Mtoto anafundishwa kwamba kuandika ni kuvalisha, na kadiri nguo zinavyozidi ndivyo mtu anavyokuwa nadhifu.

Hapa nimwite shahidi asiyetarajiwa. Mwaka 1946 George Orwell aliandika makala maarufu ya kuushambulia uandishi wa Kiingereza uliochoka, wenye maneno makubwa yanayoficha mawazo madogo. Vizazi vya waandishi vimeapa kwa makala hiyo, Politics and the English Language. Ungedhani mtu huyo hangeligusa neno letu hata kwa kijiti. Lakini Januari ya mwaka huohuo, katika gazeti la Evening Standard la London, alichapisha makala kuhusu namna ya kutengeneza chai, akaiita A Nice Cup of Tea. Hakuandika "exquisite". Hakuandika "delectable".

Aliweka kanuni kumi na moja: majani yawe ya India au Ceylon, buli lipashwe moto kwanza, chai iwe nzito, ianze kumiminwa chai ndipo maziwa, na isitiwe sukari. (Hiyo ya mwisho ingemfanya afukuzwe kwenye kibanda chochote cha chai kati ya Kericho na Mbeya, na wa kwanza kumfukuza angekuwa mimi.) Kichwa cha habari kinasema "nice" na kunyamaza. Makala yote iliyobaki inaeleza mtu afanye nini mpaka kikombe kistahili jina hilo. Neno dogo limebeba mzigo wake kwa kuwa chini yake kuna vitendo kumi na moja. Na kwa Mwingereza wa mwaka 1946, ambaye chai yake ilikuwa ya mgawo tangu vita, kikombe "nice" kilikuwa na ahadi ya nyumbani ambayo hakuna kivumishi cha kifahari kingeweza kuitoa. "Nice" hapo linaeleza chai na pia linamvuta mgeni kiti.

Kazi hiyo ya kumvuta mgeni kiti ndiyo walimu wanayoisahau, nasi Waswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kuisahau. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri, ila mdogo ana homa. Za kazi? Nzuri tu, wametupunguza wiki iliyopita. Mgeni wa lugha husikia hapo uongo au wazimu. Mwenyeji husikia adabu: kwanza tunathibitisha kwamba mimi na wewe hatuna ugomvi na dunia ipo, ndipo habari yenyewe iletwe baada ya "ila". Ile "nzuri" ya kwanza haina taarifa yoyote na haitakiwi kuwa nayo. Ifute kwa wino mwekundu uone kama kuna mtu atakayekukaribisha chakula.

"Nice" la Waingereza na Wamarekani limeajiriwa kazi hiyohiyo. Mtu akikuonyesha picha ya mjukuu, ukasema "nice", hujatoa hukumu ya uzuri wa mtoto. Umesema nimeona, nimefurahi pamoja nawe, endelea. Ukisema "exquisite" mwenyewe ataanza kujiuliza unataka kumkopa pesa.

Lina pia upande wake wa ukimya, na huo tunaujua vizuri mno. Mshenga anaulizwa: binti mwenyewe yukoje? Akijibu "ana tabia nzuri" kisha akanywa maji, ukoo mzima umeshapata jibu la swali ambalo hawakuliuliza. Kwa Kiingereza mtu akisema kuhusu mchumba wa rafiki yake "he's nice", sauti ikashuka mwishoni, mambo ni hayohayo. Na kuna "nice" la kejeli, linalosemwa mtoto anapomwaga rangi kwenye zulia. Neno lenye uwezo wa kusifu, kukaribisha, kusitiri na kusuta, yote hayo kwa mpigo mmoja wa ulimi, linaitwaje maskini?

Nakubali, hata hivyo, kwamba kuna maandishi ambamo "nice" ni uvivu. Mtoto aliyeandika kwamba sherehe ilikuwa "nice" hajatwambia lolote kuhusu sherehe. Swali ni anatokaje hapo, na nadhani Kiswahili kinakizidi Kiingereza kwa njia ya kutokea.

Lugha za Kibantu hazina vivumishi vingi vya asili. Vyetu vinavyobeba viambishi vya ngeli, kama -zuri, -baya, -refu, -kubwa na wenzao, havijazi ukurasa. Tumejazia kwa Kiarabu (safi, hodari, rahisi), na kwa "-a" unganifu, lakini hazina yetu kubwa ya sifa iko kwenye vitenzi. Nguo haiwi nzuri tu: imemkaa. Chai imekolea. Ngoma imenoga. Rangi imemtoa. Mahali pametulia. Nairobi shughuli iliyofana "imebamba", na jambo lililopita matarajio "limeweza". Katika kila mfano kitu kinatenda jambo kwa mtu au kwa nafsi yake. Unaiona kanzu ikishuka mabegani bila kukunjamana, unalisikia kundi la taarab likipata moto wake baada ya saa ya kusuasua. Hakuna kisawe cha "nice" kinachofanya hivyo, kwa kuwa vyote, kuanzia "pleasant" hadi "splendid", vimesimama palepale kwa mtazamaji vikiripoti kwamba amependezwa. Ukibadili kimoja kwa kingine umeongeza sauti ya redio, stesheni ni ileile.

Ndiyo maana mfasiri mzuri akikutana na "a nice dress" hahangaiki na kamusi. Anauliza: nani anaivaa, na inamfanyaje? Natamani swali hilo lingehamia kwenye somo la Kiingereza. Badala ya kuandika pembeni "tafuta neno jingine", mwalimu angeandika: alifanya nini? Mjomba ni "nice" kwa sababu gani? Anakuja na miwa kwenye kapu la baiskeli. Anawaacha watoto washindane kumvua viatu. Anacheka kabla hadithi yake haijafika mwisho. Sentensi hizo zinahitaji Kiingereza cha darasa la tano na hakuna neno hata moja la ukutani.

Kuna karatasi moja ambamo ningelipiga "nice" marufuku kabisa, na sioni wengi wakiisemea: barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwenye chuo cha nje. Mwalimu wa huku anayeandika "she is a nice girl" anatoa kitu kizito. Anamaanisha ana adabu, hajawahi kuitiwa mzazi, anasalimia, hana makuu. Ni ile "-ema" yetu nzima imevikwa Kiingereza. Msomaji wa Leeds au Toronto hasomi hivyo. Kwake neno hilo kwenye barua ya aina hii ni la mshenga aliyekunywa maji: mwandishi ametafuta sifa, hakuipata. Wala "exceptional" na "outstanding" hazimwokoi binti, kwani zimejaa kwenye kila bahasha iliyoko mezani. Huyo msichana ndiye aliyekuwa akiwahi kufungua maabara, akaandika kwa mkono mazoezi ya kemia ya mwaka mzima na kuyabandika kwa ajili ya wenzake wasio na vitabu, na umeme ulipokatika usiku wa kuamkia mtihani akawakusanya wanane kuzunguka taa moja ya sola na kuwasomea kwa sauti. Barua ianzie hapo.